Kiti cha Mama Kwenye Benchi

Hasira yangu sikuiokota barabarani. Nimeirithi, na aliyenirithisha yu hai, anauza samaki Igogo, na ukithubutu kumwambia kwamba sato wake ni wa jana, utatafuta pa kupita. Nasema haya mapema kwa sababu nilipokuwa chuoni niliulizwa sana: eti binti kama wewe, ukali huu umeutoa wapi? Jamani, nimeutoa nyumbani.

Nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kimoja upande wa Pasiansi, na nilikuwa nachezea timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, umebanwa kati ya mabweni na mawe makubwa. Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa jukwaa letu. Watazamaji walipanda huko na miwa yao, karanga zao na midomo yao. Kila alasiri upepo uliingia kutoka ziwani, na mgeni asiyeujua alirusha mpira vizuri kabisa, akauona unaenda kando, akabaki anaitazama mikono yake. Sisi wenyeji tulishazoea kuugonga mpira kwenye ubao kwanza, ndipo uingie kikapuni.

Mimi si mrefu. Wala sikuwa mfungaji, tuseme ukweli. Kazi yangu ilikuwa kukaba. Kila timu ina mchezaji mmoja hatari, na huyo ndiye niliyekuwa napewa mimi. Ningemfuata mpaka chooni kama refa angeruhusu. Na niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Darasani niliambiwa nipunguze sauti, kwaya ya kanisani wakaniambia nipunguze mbwembwe, bwenini wakaniambia nipunguze mdomo. Uwanjani ndipo pekee nilipoambiwa niongeze.

Tatizo ni kwamba nilikuwa naongeza mno. Mwaka wa kwanza msichana wa timu nyingine alinivuta jezi, nikanyamaza. Akanivuta tena, nikamwambia acha. Akanivuta tena, nikamsukuma kwa mikono miwili akaenda kuketi mapajani kwa shabiki. Refa akanitoa nje, nami nikamwambia refa maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama atasoma. Chuo kikaniita. Kibaya zaidi, kikamwita na yeye.

Mama alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Akaketi ofisini kwa mlezi wa wanafunzi, mikono imetulia mapajani, akasikiliza yote, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Mlezi akamsifu kwa busara yake. Mimi nikaangalia sakafu. Nilijua busara ile ina mwisho, na mwisho wake haukuwa mbali. Tulipokuwa tunapita Mirongo kwa miguu, ndipo alipofungua mdomo.

"Umepigana," akasema.

"Sikupigana, mama. Nilimsukuma tu. Refa alinionea."

"Wote wanaotolewa wanasema refa amewaonea."

"Lakini mama, yule dada alikuwa ananivuta..."

"Nisikilize wewe mtoto. Siku ukitolewa tena uwanjani, mpira basi. Hivyo viatu nitavikata vipande vipande na kisu changu cha kuparia samaki. Unakijua."

Nilikijua. Kilikuwa kisu kifupi chenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila asubuhi alikinoa kwenye jiwe lile lile mlangoni kwetu. Wala hakuwa anatania. Mama akitaka kutania hucheka yeye kwanza, na siku ile hakucheka mpaka tumefika Igogo.

Sasa mtu atasema, si ungecheza tu, na ukitolewa umfiche? Ningefichaje, wakati nusu ya wateja wake walikuwa na watoto chuoni kwetu? Habari za uwanjani zilikuwa zikimfikia kabla sijaoga. Halafu, nitasema wazi, sikutaka kucheza nikimficha. Alikuwa amenilea peke yake, na kile ambacho nilikuwa nakipenda kuliko vyote nilitaka akipende pia, au angalau akivumilie.

Kocha wetu alikuwa mkufunzi wa hisabati, mtu wa Ukerewe, mpole mpaka unaudhika. Alikuwa akiniita binti wa Musoma, maana huko ndiko walikotoka wazazi wangu. Niliporudi uwanjani baada ya chuo kunifungia kwa muda, hakunigombeza. Alinipeleka pembeni, akakaa juu ya mpira kama mtu aliyekalia kigoda.

"Binti wa Musoma," akasema, "mimi sitaki uache ukali. Ukiuacha, pale nitamweka nani? Ninachotaka ni ukali wako uwe na macho. Sasa hivi unakimbia kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki."

Wenzangu waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nikanuna.

Kesho yake alikuja na kanga kuukuu. Akaniambia niishike ncha zake mbili kwa nyuma, mgongoni, niikaze, na nikabe hivyo hivyo. Mikono isitoke. Miguu tu. Loh! Wenzangu walinizomea kwa vigelegele, "Bibi harusi huyo, anatolewa nje!" Na kwa siku nyingi kila mtu alinipita, hata mwenzetu mmoja aliyekuwa akikimbia polepole kama amebeba ndoo kichwani. Nilitamani kumfunga kocha kwa ile kanga yake. Bwenini nilikuwa nalala nikiwa na hasira na kuamka nikiwa nayo.

Lakini mtu ukinyimwa mikono, macho yanafunguka yenyewe. Nikaanza kuona kwamba anayekuja na mpira hutangaza anakokwenda kabla hajaenda. Mabega yanadanganya, macho yanadanganya, ila kiuno hakijui kudanganya. Nikawa nasoma viuno. Na ukishajua mtu anataka kupita wapi, unawahi pale, unatuliza miguu, unasimama. Akikugonga, faulo ni yake. Kocha alikuwa akituambia kwamba kumpiga mtu kiwiko ni kazi ya mwoga, kwamba ukali wenyewe hasa ni kusimama pale unamwona mtu anakuja mbio na wewe hukwepi. Mwanzoni niliona ni maneno ya mtu wa hisabati. Baadaye nikajaribu, nikagongwa, nikaanguka, mpira ukawa wetu, nikainuka nikicheka. Tangu siku hiyo niliipenda kanga ile.

Mwaka wa pili tukafika nusu fainali ya vyuo, na mchezo ukapangwa kwetu, Jumamosi alasiri. Wapinzani walitoka upande mwingine wa mji. Walikuwa na msichana mmoja mrefu, ana miguu kama ya korongo, anaingia na mpira kikapuni bega likiwa chini, na ukikaa vibaya anapita na wewe. Huyo ndiye niliyepewa.

Tulikuwa tunapasha misuli moto nilipomwona mama. Hakuwa ameniambia anakuja. Ameshuka tu kutoka njia ya juu, ndala miguuni, kapu mkononi, kichwani kilemba cha kitenge, anaangaza macho kama anatafuta duka. Hajawahi kuuona mpira wa kikapu maishani mwake. Nikamwendea mbio nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Kulikoni?"

"Marahaba. Nimekuja kuona kwa macho yangu," akasema. "Nimechoka kusimuliwa."

Basi wenzangu wote wakamzunguka, shikamoo mama, shikamoo mama, huyu anapokea kapu, yule anamfuta vumbi miguuni. Swali likawa aketi wapi. Kule juu ya mawe kulikuwa na vijana wanatafuna miwa na kutema popote. Kwetu mama wa mtu hapandishwi jiwe. Kocha mwenyewe akainuka kwenye kiti chake cha plastiki chekundu, akakifuta kwa kiganja, akakiweka katikati ya benchi letu, pembeni kabisa ya mstari. Mtu akamletea soda. Mama akaketi, akajitanda kitenge chake vizuri, akaonekana kama mgeni rasmi.

Refa mkuu, kijana mwembamba ambaye alikuwa mgeni kwetu, akaja akasimama mbele yetu.

"Huyu mama ni wa benchi lenu?"

"Ni mama yetu," kocha akajibu kwa fahari.

"Haya, basi ni wenu," refa akasema, akaenda zake. Hakuna aliyelifikiria neno lile mara mbili.

Nisiwachoshe na mchezo wote. Yule mrefu alinisumbua kweli. Nilimzuia, akanizidi, nikamzuia tena, na katika kuvutana huko nikapata faulo moja, mbili, nyingine ya kuonewa kabisa, na nyingine ambayo ilikuwa halali yangu, sibishi. Robo ya nne inaanza nina faulo nne, na ya tano unatoka, hakuna kuomba. Kocha akanitoa kwa muda nipumzike. Nikakaa chini karibu na kiti cha mama, jasho linanitiririka.

Mama alikuwa anafurahia sana. Kila kikapu kilipoingia alipiga makofi, chetu na chao. Akaniinamia.

"Mbona umekaa? Umeumia?"

"Sijaumia. Nina makosa manne, mama. Nikifanya la tano natolewa."

Uso wake ukabadilika. "Unatolewa?"

"Si kwa ugomvi. Hata kumgusa mtu mkono kwa bahati mbaya ni kosa. Ni hesabu tu ya mchezo."

"Kutolewa ni kutolewa," akasema, akanywa soda yake. "Sisi tulipatana."

"Mama!"

"Tulipatana au hatukupatana?"

Nikaanza kufunga upya kamba za viatu. Nilimjua mama yangu. Neno lake akishalitoa mbele ya watu halirudishi, na wenzangu wawili walikuwa wamesikia. Mbele yangu yule mrefu alikuwa anapita kushoto, anapita kulia, na aliyewekwa kumkaba badala yangu alikuwa amechoka hoi. Pointi tulizokuwa tunaongoza zikayeyuka, ikabaki moja tu. Nikajua kocha ataniita, na kweli akaita jina langu.

Alinishika bega. Hakusema habari za faulo wala za fainali.

"Kanga," akaniambia tu.

Nikaingia. Mikono nikaikunja nyuma kiakili, kama naishika ile kanga. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia. Mara moja yule mrefu alinizidi hatua, akawa ananipita, na jezi yake ilikuwa pale pale mbele ya vidole vyangu. Zamani ningeivuta bila kufikiri. Nikamwacha. Akaenda akafunga kikapu rahisi, na mawe yote yakalipuka.

"We binti wa Musoma, umelala? Nenda kalale bwenini!"

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Niligeuka nimjibu aliyesema, nikamwona kocha anapiga makofi polepole, ananipongeza mimi. Mama naye alikuwa anapiga makofi, lakini yeye alikuwa anawapongeza waliofunga. Nikacheka, sikujizuia. Hasira ikashuka yenyewe.

Baada ya hapo nikaanza kumsoma. Kiuno chake kilikuwa kinaelekea kulia kila alipochoka, na sasa alikuwa amechoka. Alipokuja tena nikamwahi kulia, akashtuka, mpira ukamtoka kidogo tu, nikauchota bila kumgusa. Mbele yangu kulikuwa na uwanja mtupu na msichana mmoja wao amesimama chini ya kikapu. Zamani ningekwenda kumvaa. Nikauangalia mpira, nikamwangalia, nikampasia mwenzangu wa kushoto, akaugonga kwenye ubao ukazama. Tukawa mbele kwa pointi moja, na zimebaki sekunde chache.

Wakaomba muda. Sote tulijua mpira atapewa nani.

Akapewa. Akatazama kushoto, akatikisa bega kushoto, watu wote wakaenda kushoto. Kiuno kikaenda kulia. Nikawahi. Nikatuliza miguu, nikakunja mikono kifuani, nikasimama. Nilimwona anakuja, bega liko chini, na nitasema ukweli wangu: niliogopa. Kila kiungo changu kilitaka ama nimsukume ama nikwepe. Nikasimama hivyo hivyo, roho mkononi.

Akanigonga kifuani. Niliruka nikaangukia mgongo, kiwiko kikakwaruzwa kwenye saruji, pumzi ikakatika. Na hapo hapo filimbi.

Nikalala pale natazama mbingu. Nikasema moyoni, basi, ni ya tano. Nimefika pale nimechelewa kidogo, miguu haikuwa imetulia, ni ya tano, na viatu vyangu vimekwisha. Refa alikimbia mpaka nilipolala, akasimama, akakunja ngumi, akaunyoosha mkono kuelekea kikapu chao. Ilinichukua muda kuelewa. Faulo ilikuwa ya yule mrefu. Mpira ulikuwa wetu.

Ah! Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliikusanya tangu mwaka wa kwanza. Nilitaka kupiga kelele, lakini pumzi ya kupigia kelele sikuwa nayo. Wenzangu walikuwa wanakuja kuniinua. Ndipo niliposikia sauti nyingine, sauti ninayoijua kuliko zote duniani, na haikuwa inatoka pembeni ya uwanja. Ilikuwa inatoka katikati.

"Wewe mtoto! Umemuua mwanangu! Mama yako yuko wapi?"

Niliinua kichwa. Mama alikuwa amesimama mbele ya yule mrefu. Kitenge amekifunga kibwebwe, ndala moja iko mguuni na nyingine iko mkononi, imeinuliwa. Kilemba kimeangukia shingoni. Mama wa busara wa ofisini kwa mlezi hakuwepo kabisa. Aliyekuwepo ni yule wa kwenye samaki.

Yule binti, pamoja na urefu wake wote, akawa mdogo. Akarudi hatua, akapiga goti mpaka chini.

"Shikamoo mama," akasema.

Sasa shikamoo ni shikamoo. Hata kama umeinua ndala, lazima uiitikie. Nilimwona mama anahangaika, mkono bado uko juu, mdomo umefunguka kwa matusi, na neno lenyewe likamtoka.

"Marahaba," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, "Sasa kwa nini umemwangusha mwanangu?"

"Samahani sana mama. Ni mchezo."

"Mchezo gani huu?"

Kule juu ya mawe watu walikuwa wanaangua vicheko mpaka miwa inawatoka mikononi. Lakini refa hakucheka. Alipiga filimbi tena, akaweka kiganja kimoja juu ya ncha za vidole vya mkono mwingine, alama ya faulo ya benchi. Kocha akashika kichwa.

"Refa, huyu ni mgeni tu! Ni mama wa mchezaji!"

"Niliuliza mkaniambia ni wenu. Ametoka kwenye benchi lenu na ameingia uwanjani kufanya vurugu," refa akajibu. Kisha akamgeukia mama, naye akainama kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba utoke nje ya uwanja."

"Mimi?" Mama alijishika kifua. "Unanitoa mimi?"

"Ndiyo mama. Upande ule, nyuma ya mawe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu mzazi alitolewa uwanjani kwa ugomvi, mbele ya chuo kizima, mimi nikiwa nimelala chali nina faulo nne zangu kamili. Kapu akaachiwa mwenzangu alibebe. Akapita katikati ya vijana, wakampisha, wakamwinua mpaka juu ya jiwe, akaketi huko huko tulikoona hakumfai, ndala bado iko mkononi.

Lakini furaha yangu ilikuwa bado haijakaa vizuri. Faulo ile ya benchi iliwapa wapinzani mtupo mmoja wa adhabu, na wakiupata tunalingana. Wakamweka mfungaji wao bora aurushe, msichana mtulivu ambaye alikuwa hajakosa hata mmoja siku hiyo. Nilimwangalia, nikamwangalia mama kule juu. Alikuwa ameshaelezwa na vijana alichotusababishia, maana alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea. Nilijua kabisa anavyojisikia. Hata mimi niliwahi kuketi nje hivyo, nikisubiri wengine walipe kwa ajili ya mkono wangu.

Yule mfungaji akarusha vizuri kabisa. Upepo ukauchukua mpira, si sana, upana wa vidole viwili tu. Ukagonga ukingo wa chuma, ukazunguka, ukaanguka nje. Msichana akabaki anaitazama mikono yake.

Tukapewa mpira wetu, nikapasiwa mimi. Zilibaki sekunde za kukimbia tu. Wawili wakanivamia, mmoja akanivuta mkono, na refa hakuona. Kiwiko changu kikainuka chenyewe, kinajua njia. Na kutoka juu ya mawe nikasikia sauti ile ile ya sokoni.

"Acha! Mwanangu, acha! Usifanye kama mimi!"

Nikakishusha. Nikageuka, nikaukumbatia mpira, nikaudunda kuelekea kona, nikazunguka, nikazunguka tena, mpaka filimbi ya mwisho. Wenzangu wakaniangukia wote. Niliona kocha amekaa kwenye kile kiti chekundu, amejifunika uso kwa ile kanga kuukuu, mabega yanacheza. Mpaka leo hataki kusema kama alikuwa anacheka au analia.

Mimi na mama tulirudi Igogo pamoja. Njia nzima nilikuwa najiuliza sheria yetu inasemaje kuhusu jambo kama hili. Tulipofika, akaketi kwenye jiwe lake la mlangoni, akavua ndala zote mbili, akazipanga. Jua lilikuwa bado lipo.

"Yule refa alinionea," akasema.

Nilijiuma mdomo. Nilijitahidi, haki ya Mungu, nilijitahidi sana.

"Mama," nikasema, "wote wanaotolewa wanasema hivyo."

Alinikazia macho. Nikafikiri nimevuka mpaka, nikajiandaa kukimbia. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Machozi yalikuwa yanamtoka. Na mimi pia. Tulicheka mpaka tukaegemeana.

Alipotulia akanyoosha mkono.

"Hebu lete hivyo viatu."

Kicheko kikanikauka. Nilivitoa kwenye begi, nikampa. Akaingia ndani, akatoka na kile kisu kifupi. Akapakata kiatu kimoja, akakipindua soli juu, akaanza kukipara taratibu, anatoa saruji na maganda ya miwa yaliyoganda kwenye mifereji ya soli, kwa uangalifu ule ule anaoutumia kumpara samaki asichanike ngozi. Akamaliza kimoja, akachukua cha pili. Mimi nikakiokota kile kilichokwisha, nikakipakata.

"Fainali lini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Jumamosi ijayo, uwanja ule ule."

"Nitakuja," akasema, akapuliza vumbi kwenye soli. "Ila mwambie kocha wako kiti akikalie mwenyewe. Mimi nitakaa na wenzangu juu ya mawe."